Mlio unasikika, breki hazisikiki

UPEPO WA SINGIDA
Na Hamisi Ntandu

Ukitaka kujua kijana mwenye Subaru ametumia wapi hela zake, sikiliza eksozi. Ukitaka kujua wapi hakutumia, mwambie akuoneshe diski za breki.

Nasema haya bila chuki na magari haya. Impreza WRX, Lancer Evolution, Altezza, hata Mark II yenye turbo ni kazi nzuri za Wajapani, na anayenunua moja kwa jasho lake hadaiwi maelezo na mtu. Tena kulipata si mchezo. TRA inatoza ushuru wa ziada kwa gari dogo lililozidi miaka minane, na magari tunayoyazungumza karibu yote yameshapita umri huo zamani. Mtu aliyevuka vikwazo vyote hivyo mpaka likafika Singida ana haki ya kulifurahia.

Shida inaanza gereji. Gari linaingia Jumamosi, na jambo la kwanza fundi anaulizwa ni lini litaanza kuunguruma. Bomba la kiwandani linang'olewa, linawekwa la kipenyo kikubwa. Boksi la filta ya hewa linatolewa, inafungwa filta ya wazi inayovuta hewa ya moja kwa moja. Kisha inakuja kazi ya kompyuta: turbo iongezwe presha. Jioni gari likipita Kibaoni, watu wanageuza shingo. Fedha imeonekana.

Tuanze na hiyo filta, maana Singida si Yokohama. Kwetu kiangazi ni kirefu, upepo hauna huruma, na ukitoka lami kwenda Ikungi vijijini vumbi linakufuata hadi kitandani. Filta ya wazi isiyosafishwa mara kwa mara inapitisha mchanga laini unaokwangua mapanga ya turbo na kuta za silinda. Halafu kuna mwinuko. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Altezza isiyo na turbo inalipia pengo hilo kwa kupungukiwa nguvu. Lenye turbo linajitahidi kufidia, maana yake turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kupata joto zaidi kwa kazi ileile. Ukimwongezea mzigo huyo ambaye tayari anahema, usimshangae akianguka.

Na mafuta je? Injini ya Impreza STI ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu inayouzwa Japan. Pampu zetu nyingi zina petroli ya aina moja, uchukue au uache. Ukipandisha presha bila kuzingatia hilo, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na siku moja pistoni inapasuka. Hapo ndipo utasikia mtu anauza gari "bila injini, bodi safi sana".

Lakini injini ikifa ni hasara ya mfukoni. Breki ni hesabu nyingine.

Hebu tukumbushane kitu. Tangu mwaka 1989 kampuni za Japan zilikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280, na hali hiyo ilidumu hadi 2004. Impreza STI nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani na hizo 280. IST ya sisi 1300 unayoiona imejaa mjini haifiki 90. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa chochote, kijana ana nguvu ya IST tatu chini ya mguu wake wa kulia. Sasa niambie anayeongeza nyingine anaipeleka wapi.

Anaipeleka barabara ya kati. Hiyo hiyo ya malori ya Rwanda na Burundi, mabasi ya Mwanza, na magari ya IT yanayokimbizana na muda kwenda mpakani. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Hiyo ni fizikia ya shule, haibishaniwi kijiweni. Gari lenye breki na matairi mazuri, likiwa kilomita 80 kwa saa, linahitaji mita 30 hivi kusimama tangu mguu ugonge pedali. Likiwa 160 linahitaji zaidi ya 120, na kabla mguu haujafika kwenye pedali linakula mita 44 kila sekunde. Taa za chini zinamulika mita 50 au 60. Mbele kuna semi limekufa, halina taa, alama yake ni matawi ya mti yaliyotandazwa kwenye lami.

Au mteremko wa Sekenke, kule Iramba. Mafuta ya breki yasiyobadilishwa miaka mingi yananyonya unyevu. Ukishuka kona zile huku umekanyaga mfululizo yanachemka, na pedali inazama hadi chini kana kwamba haijaunganishwa na kitu. Wakati huohuo nimeona kalipa zilizopulizwa rangi ya dhahabu kwa kopo ili zionekane Brembo. Rangi imekaa vizuri. Pedi zilizomo ndani zimebaki unene wa kadi ya simu.

Na polisi wakimpiga mtu tochi, faini ni shilingi 30,000. Kwa aliyefunga eksozi ya laki kadhaa hiyo ni hela ya soda. Tochi peke yake haitatatua jambo hili.

Afrika Mashariki tulishajua zamani mahali pa kupeleka kasi. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wajapani wakashinda na Datsun mwaka 1970, Joginder Singh wa Kenya akashinda na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, na Subaru ikapata zamu yake kwa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Nusu ya vijana wanaobandika stika za rangi ya bluu na njano hapa mjini wanaiga magari hayo. Wangeiga na yaliyomo ndani: kizimba cha mabomba, mikanda ya kumfunga dereva mabegani na mapajani, kizima moto, na mkaguzi anayelikataa gari kabla halijawashwa.

Mbio za magari nchini zinasimamiwa na Chama cha Magari Tanzania, AAT, na tumeziona Iringa, Morogoro, Arusha na Tanga. Singida tuna ardhi tambarare na barabara za vumbi zinazopita katikati ya mashamba ya alizeti, tupu kabisa baada ya mavuno. Ofisi ya mkoa iwaite AAT na wenye magari, waketi meza moja. Wakishindwa kuanza na rali kamili, uwanja mpana, koni za plastiki, gari la wagonjwa na saa ya kupimia vinatosha kwa Jumapili moja. Mama lishe watauza, na tutajua nani dereva na nani mpiga kelele.

Wakati tunasubiri kikao hicho kiitishwe, wewe mwenye gari chuchumaa leo usome ubavu wa tairi. Kuna namba nne ndani ya duara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Ukikuta ya namna hiyo, hata kama kashata zake bado nene na muuzaji alikuapia kuwa ni mtumba wa Japan, peleka hela ya eksozi kwenye matairi.