Mchicha na Chungwa Katika Sinia la Wageni

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, alipopita pwani yetu mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu kwa taadhima impasayo mwanachuoni, na chakula alicholetewa kwa amri ya sultani wa mji kilikuwa wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa, katika machache aliyoyaandika juu ya mji ule aliitanguliza miti yake ya matunda, akaitaja migomba na milimau, akalieleza na tunda moja lifananalo na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni ila utamu wake umezidi, ambalo mtoto yeyote wa pwani akisomewa maelezo hayo atajua papo hapo kuwa ni zambarau. Nayataja haya kwa kuwa yanathibitisha jambo ambalo kizazi chetu kimelisahau, nalo ni kwamba katika zama hizo tunda na mboga vilikuwa na mahali pake mbele ya mgeni wa heshima, tena mgeni wa sultani, wala havikuhesabiwa kuwa chakula cha mtu aliyekosa.

Karne moja na nusu na zaidi ilipopita, mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa, na ndani yake walikuwamo mabaharia ambao kiseyeye kilikuwa kimekwisha kuwavimbisha fizi na kuwalegeza viungo. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa, na mwandishi mmoja wa msafara huo ameeleza kwamba wagonjwa wao walipata afya walipofika hapo, naye akaihesabu fadhila hiyo kuwa ni ya hali njema ya hewa ya mji. Tabibu James Lind alipowapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau mwaka 1747, wakainuka kabla ya wenzao waliopewa dawa nyingine, ndipo dunia ilipoanza kufahamu kuwa siri haikuwa katika hewa. Machungwa ya watu wa Mombasa ndiyo yaliyofanya kazi ile.

Leo Shirika la Afya Duniani linanasihi kwamba kila mtu mzima ale kila siku gramu 400 za matunda na mboga kwa uchache, mbali na mihogo na viazi, yaani mafungu matano ya gramu 80. Na chungwa moja la kiasi, au konzi moja ya mchicha uliopikwa, hukaribia kuwa fungu moja. Hicho si kiasi cha kumtisha mtu. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi hawakifikii, katika nchi ambayo Muheza yake husheheni machungwa, Lushoto yake hushusha makabichi, karoti na matunda ya baridi hadi masoko ya Dar es Salaam, na embe dodo na boribo za pwani huanguka usiku zikaokotwa asubuhi na kuku.

Wapo watakaosema kwamba sababu ni ufukara, na kwa insafu lazima nikiri kuwa mama wa mjini mwenye fedha kidogo mkononi hununua unga kwanza, na chungwa halimwiti. Lakini matembele huota nyuma ya jiko bila ya kuuzwa na mtu, mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kusiwa, na mti wa kisamvu haudai malipo. Na vyote hivyo hupungua katika sahani kadiri kipato cha nyumba kinavyopanda. Lau ufukara ungekuwa ndio sababu kuu, matajiri wangekuwa walaji wakubwa wa mboga, nasi sote twaona kuwa sivyo. Sababu ninayoiamini mimi ni dharau. Hodi ikipigwa saa ya chakula, bakuli la kisamvu husukumwa chini ya kawa na mtoto akatumwa mbio kuleta soda na mishikaki. Na mtoto yule, ambaye hakuna aliyemfundisha kwa maneno, amekwisha kujifunza kwamba kisamvu ni izara ya kufichwa. Akikua na kupata mshahara wake wa kwanza, atautangaza ufanisi wake kwa kuyaondoa majani katika sahani na kuweka chipsi mayai mahali pake. Na tunda nalo limepatwa na msiba wa namna yake, kwa kuwa aghalabu hununuliwa likapelekwa hospitalini, mtoto akaona kwamba chungwa ni stahili ya mgonjwa, na mzima hana haja nalo.

Ushahidi mkubwa wa maneno yangu ni tende. Tende ni tunda kama matunda mengine, tena si zao la kawaida kwetu, bali ilikuja na majahazi ya Omani na Ghuba ya Uajemi, na hata sasa hununuliwa kwa bei isiyo ndogo. Lakini ukiingia mwezi wa Ramadhani hakuna nyumba ya Kiislamu, iwe ya kitajiri au ya kimaskini, ambayo haijitahidi kuwa nayo, na mtu humkaribisha jirani yake kwa tende tatu bila ya kuona haya. Haikulazimu tabibu aje kuhubiri manufaa yake. Imeliwa kwa sababu ina cheo, na cheo hicho imekipata kwa kuwekwa mbele ya watu katika saa yenye hadhi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba yeyote atakaye kuueneza ulaji wa matunda na mboga katika mtaa wake aanze katika karamu kabla ya kuanza katika mabango ya zahanati. Katika arusi, maulidi, hitima na ubatizo, wenye shughuli na watangulize sinia la mapapai, ndizi, nanasi na maembe ya msimu kabla ya pilau kupakuliwa. Na waalimu wa dini hawatakosa hoja ya kuwaunga mkono, kwa kuwa katika sura ya Waqia matunda yametajwa kabla ya nyama ya ndege. Wapishi wa shughuli, ambao ni mabingwa wasiopewa sifa wanayostahili, wakiambiwa kwamba mchicha wa nazi, bamia na bilingani vitakaa kando ya biriani mbele ya meza kuu, watavipika kwa ufundi uleule waupikiao nyama. Na masheikh, mapadri, madiwani na wazee wa mtaa wavionje wa kwanza, machoni pa vijana. Gharama haiongezeki ikiwa kreti chache za soda zitapunguzwa.

Jikoni nako kuna elimu ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila ya kuisomea. Kuunga majani kwa tui si anasa, kwa sababu kile kilichomo katika majani ya kijani na matunda ya manjano, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A ya kuyalinda macho, hakifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Na ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na kila mzazi awapeleke. Lakini kati ya tone na tone ipo miezi sita ya kula. Yapo pia makosa ambayo bibi hao wangeyakemea: mboga kukatwa kwanza kisha ikaoshwa, ikachemshwa hadi ikageuka rangi, na maji yake yakamwagwa pamoja na sehemu kubwa ya manufaa. Kisamvu peke yake kina hukumu yake, maana sharti kitwangwe barabara na kichemshwe sana ili sumu yake iondoke.

Hata chungwa tunalila nusu. Muuzaji hulimenya kwa kisu, akalikata kichwa, nasi tukalifyonza maji na kulitupa lililobaki, na katika hilo lililobaki ndimo zilimo nyuzinyuzi zinazolisaidia tumbo na kuzuia sukari isipande kwa ghafula katika damu. Ama juisi iliyotiwa sukari ya kumimina, hiyo siihesabu kuwa tunda.

Halmashauri za miji zina wajibu wao: mwanamke auzaye mchicha apewe kivuli, maji safi na mahali pasipofukuzwa mtu kila wiki, kwa kuwa jani lililoanikwa juani tangu alfajiri halimvutii mnunuzi hata lingekuwa na fadhila gani. Vijijini Muheza mkulima aghalabu humuuzia mchuuzi machungwa yangali mtini, kwa bei aipangayo mchuuzi, na kinachobaki hakimfikii mtoto wa shule iliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Nami napenda zaidi kuitazama shule hiyo. Waliotutangulia walipanda maembe katika njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, na hadi leo miti iliyobaki huwapa kivuli na tunda watu wasiojua ni nani aliyeyatupa makokwa. Nasi tuna viwanja vya shule vilivyo vitupu, vyenye mwarobaini mmoja na mlingoti wa bendera. Kamati ya shule ikichagua miti kwa akili, mwaka mzima hautapita bila tunda: maembe huja na kaskazi, machungwa hukolea kipupwe kinapoingia, mpapai huanza kuzaa baada ya mwaka au zaidi kidogo tangu kusiwa, na migomba haina msimu. Kila darasa lipewe miti yake, liipalilie na kuimwagilia, na mavuno yaliwe palepale shuleni saa ya mapumziko, mwalimu akila pamoja na wanafunzi wake. Yasiuzwe kwa ajili ya chaki. Masika huanza mwezi wa Machi, na miche ya embe, iliyo bora ikiwa imeunganishwa, yapasa iwe imekwisha kutafutwa na mashimo yamekwisha kutiwa samadi kabla ya mvua ya kwanza.