Kivuli cha Kitengela hakifai hosta

Asante kwa makala kuhusu hosta, ila tafadhali usiwatie wasomaji wa Kitengela hamu ya mmea huo. Asili yake ni Japani, Korea na China, na lazima ipate majira ya baridi kali ilale ndipo ichipue kwa nguvu. Baridi yetu ya Julai haitoshi.

Kwenye ukanda mwembamba wenye kivuli kati ya nyumba na ukuta, mimi hupanda klorofitamu ya majani yenye mistari myeupe, mmea wa Afrika hii hii. Shida ni maji. Visima vingi huku vina chumvi na floridi, na klorofitamu haiivumilii floridi: ncha za majani hugeuka kahawia, zikakauka na kukatika ukizigusa. Kinga maji ya mvua kwenye mabati, na klorofitamu ipate kwanza. Udongo wetu mweusi nao hunata masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo inua tuta, uchanganye kokoto na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Asiye na tangi la maji ya mvua apande sansevieria, zinazojimelea zenyewe vichakani Kajiado, chini ya migunga. Maji kidogo tu, yakizidi mizizi huoza.