Ukingo wa Sponji Kwenye Spika za Besi
Ukingo wa sponji unaozunguka koni ya spika kuukuu ya besi huoza mapema, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 20, ilhali sumaku, koili na koni yenyewe bado ni nzima. Sponji hiyo ni poliuretheni, na unyevu huivunjavunja. Hewa yenye unyevu ya Homa Bay, kando ya Ghuba ya Winam, haiisaidii hata kidogo. Sponji iliyooza ikibonyezwa huacha unga mweusi unaonata kidoleni. Migori na Homa Bay ni nyumbani kwa benga, muziki ambao mwanamuziki D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz waliuvumisha pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, na gitaa la besi lina nafasi kubwa ndani yake: ukingo wa spika ukipasuka, noti nzito hugeuka mkwaruzo. Kutupa spika kwa sababu hiyo ni hasara isiyo ya lazima. Fundi hukwangua sponji na gundi ya zamani kwenye koni na fremu, polepole, maana karatasi ya koni huchanika upesi. Ukingo mpya huchaguliwa kwa kupima koni na fremu, kwani spika mbili za inchi 10 huweza kutofautiana, kisha hubandikwa kwenye koni kwanza. Kabla ya kuubandika kwenye fremu, kifuniko cha katikati huondolewa na vipande vyembamba vya plastiki kupachikwa kuizunguka nguzo ya sumaku, ili koili isiegemee upande. Gundi huachwa ikauke usiku kucha. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, lakini uzito wake hubadilisha mlio. Spika iliyoundwa kwa sponji hurudishiwa sponji.