HESABU YA NYUMBA BAADA YA KAZI

Wenzetu makarani, mwaka mzima twaandika hesabu za Serikali, senti kwa senti, na kosa dogo likionekana hatupumziki mpaka tumelipata. Lakini ni wangapi kati yetu wenye daftari la hesabu ya nyumba zao? Na katika hao, ni wangapi walioandika hesabu ya siku ile watakapoweka kalamu chini?

Siku hiyo si siri. Mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na atimizapo 60 hana budi kuondoka. Wala kadiri ya pensheni si siri. Tumtazame mwenzetu aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Kanuni yasema miezi hiyo igawanywe kwa 580, kisha izidishwe kwa mshahara: twapata shilingi 496,000 na kidogo. Katika hizo hutolewa fungu la kulipwa kwa mkupuo, na zinazobaki kwa mwezi hazifiki 400,000. Basi ataishi kwa chini ya nusu ya mshahara wake.

Makosa tuyaonayo ni matatu. La kwanza ni kuhesabu mwezi tukasahau mwaka. Unga, mkaa na sabuni hununuliwa kila mwezi. Lakini ada ya Januari, mbegu kabla ya mvua, na bati lililotoboka havingoji mwisho wa mwezi. Yajumlishe ya mwaka mzima, kisha ugawanye kwa 12.

La pili ni kujidanganya juu ya ndugu. Twaandika chakula na mavazi, lakini hatuandiki matanga, arusi, wala mtoto wa marehemu kaka tunayemsomesha. Hatusemi waachwe, maana mtu ni watu. Twasema waandikwe. Fungu lililoandikwa hutolewa kwa moyo mweupe, na likiisha twaweza kusema limekwisha pasipo uongo. Lisiloandikwa hutoka katika chungu cha jioni.

La tatu ni kiinua mgongo. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na fedha nyingi za siku moja humfanya mtu adhani hazina mwisho. Mzee mmoja aliyetufundisha kazi alinunua gari la abiria mwezi ule ule alipolipwa, naye hajapata kufanya biashara maishani mwake. Mwaka haukuisha akaja kutukopa nauli. Tulimpa kiti, hakuketi. Aliyekuwa akisahihisha hesabu zetu alisimama mlangoni akitazama chini. Hatukumcheka, kwa kuwa kila mmoja wetu alijiona yeye.

Shauri letu ni hili. Ungali kazini, keti na mwenzako wa nyumbani, ambaye bei za sokoni azijua kuliko wewe, mwandike hesabu pamoja wala usimfiche mshahara wako. Kisha jaribuni miezi mitatu kuishi kwa nusu yake, na nusu nyingine iwekwe akiba. Mtakaposhindwa, hapo ndipo daftari lilipokosea, lisahihisheni.

Makosa yaliyoonekana leo hufutwa kwa kalamu. Yatakayoonekana baada ya miaka 60 hayana kifutio.