Anayeketi Kando ya Kitanda

Katika hospitali za Kalemie, kama katika hospitali nyingi za Kongo, kitanda kimoja huwa na watu wawili: mmoja amelala, wa pili ameketi. Huyo wa pili ni mama, au dada, au mjomba aliyefika kwa mtumbwi kutoka kijijini. Jina lake halimo katika daftari. Lakini ndiye apikaye uji, afuaye nguo, amwamshaye muuguzi usiku. Je, mtu huyu ni nani mbele ya elimu ya uuguzi? Ni mgeni wa kuvumiliwa tu? Mimi nasema sivyo. Elimu hiyo tangu mwanzo wake yamhesabu kuwa mtunzaji, na kipindupindu kinapokuja, uhai wa mgonjwa mara nyingi umo mikononi mwake.

Tumtazame kwanza Florence Nightingale, bibi Mwingereza aliyekwenda Scutari mwaka 1854 kuwauguza askari wa vita ya Krimea. Mwaka 1859 alitoa kitabu kidogo juu ya uuguzi. Wengi hudhani aliwaandikia wauguzi wa hospitali, kumbe aliwaandikia wanawake wa nyumbani, kwa sababu aliona kwamba karibu kila mwanamke atapata siku yake ya kumwangalia mgonjwa. Alifundisha hewa safi, maji safi, mwanga, usafi na utulivu, ili maumbile yenyewe yapate kumponya mtu.

Na pande zetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa kijana akasomea uganga Malta, aliwatibu watu tangu mwaka 1889 hata alipofariki mwaka 1956. Mganga mmoja kwa nchi kubwa namna ile! Nani aliyekesha na wagonjwa wake wote, kama si jamaa zao?

Baadaye walitokea wanawake wasomi wa Marekani, wakauliza kwa makini zaidi: kazi halisi ya muuguzi ni ipi? Virginia Henderson alijibu katika kijitabu kilichotolewa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960. Muuguzi, alisema, amfanyie mgonjwa yale ambayo mgonjwa mwenyewe angeyafanya kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa. Tena amsaidie kwa namna itakayomrudishia uwezo wake mapema. Akataja mahitaji kumi na manne ya kila binadamu: kuvuta pumzi, kula na kunywa, kwenda haja, kulala, na mengineyo. Wanafunzi wa uuguzi wasomao kwa Kifaransa huyajua sana. Nawaomba wasiruke moja, nalo ni kuabudu kadiri ya imani ya mtu. Kumwita padre kwa ajili ya mgonjwa, basi, si kuingilia kazi ya muuguzi. Ni sehemu ya kazi hiyo.

Wa pili ni Dorothea Orem, aliyesomea uuguzi kwa Masista wa Upendo mjini Washington, kisha akasoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji huo. Fundisho lake alilitoa katika kitabu cha mwaka 1971. Kila mtu, asema, hujitunza mwenyewe, na mama humtunza mtoto asiyeweza kujitunza. Ugonjwa ukizidi nguvu zao, ndipo muuguzi aingiapo. Pengine atafanya yote. Pengine atagawana kazi nao. Pengine atafundisha na kutia moyo tu. Kufundisha huko ni kuuguza kamili, wala si kazi ya ziada ya kufanywa nafasi ikipatikana.

Mwaka ule ule wa 1971, huko Bongaon nchini India, wakimbizi wa vita ya Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu. Seramu ya mshipani ikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji yachanganywe na chumvi, sukari na magadi katika mapipa, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama thelathini katika mia. Sasa hawakufika wanne katika mia. Waliokuwa wakinywesha ni akina mama, baba na ndugu.

Turudi Kalemie. Kipindupindu, au kolera kama wengi wasemavyo, kimezoea mwambao huu, ambako watu wengi huchota maji ziwani na katika mto Lukuga. Chanjo ilitolewa mjini mwaka 2013 na 2014, lakini ugonjwa haukung'oka. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja, na bila matibabu aweza kufa siku ile ile. Akitibiwa vema na mapema, hafi hata mmoja katika mia. Sasa muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, mwenye chumba kizima cha wagonjwa, atamnywesha kila mmoja kikombe baada ya kikombe kwa namna gani? Hawezi. Muuguzi anayemkemea yule mama wa kando ya kitanda, au kumfukuza bila neno, ametupa nusu ya dawa. Hata Msamaria mwema hakubaki siku zote katika nyumba ya wageni: aliacha fedha na maagizo, mwingine akaendelea kumtunza mgonjwa.

Basi maagizo yenyewe ni haya. Kuhara kukianza, mpeleke mgonjwa kituoni bila kukawia, na njiani umnyweshe. Kama huna pakiti ya dawa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, chumvi isizidi. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Ukiona macho yameingia ndani, mkojo umekatika, au hawezi kunywa, mwite muuguzi papo hapo, maana huyo ahitaji seramu.

Na wewe unayeketi kando ya kitanda, jilinde. Kitanda cha kolera kina tundu na ndoo chini yake. Ukiigusa ndoo hiyo, nawa kwa sabuni kabla hujashika chakula. Nguo za mgonjwa zisipelekwe kufuliwa ziwani wala Lukuga. Ziloweshwe kwanza katika maji ya javeli, na maji hayo yamwagwe chooni.