Kinyume cha 16 ni kipi?

Leo si Linux wala simu za rununu. Leo ni hesabu, na tafadhali msikimbie, maana kuna pesa ndani yake.

Juzi mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniita nimwangalizie programu ya mauzo aliyouziwa. "Mwanangu, hii VAT inanimaliza, na mhasibu anasema hesabu hazilingani." Nikafungua msimbo. Bei zake zote zina VAT ndani tayari, asilimia 16. Ili kuitenga kodi, programu ilikuwa inachukua jumla ya risiti na kuizidisha kwa 0.16. Basi.

Chukueni kikokotoo. Bidhaa ya shilingi 1,000 ukiongeza asilimia 16 inakuwa 1,160. Sasa toa asilimia 16 ya 1,160. Unapata 974.40. Zile shilingi 25.60 zimeenda wapi? Duka likiuza kwa 580,000 kwa mwezi, VAT iliyomo ni 80,000. Programu ile ilikuwa inasema 92,800. Kila mwezi, 12,800 za bure.

Aliyeiandika si mjinga. Aliwaza kama wengi wetu: nimeongeza 16, nikitaka kurudi nyuma natoa 16. Na hapo ndipo penye ugomvi wangu na jinsi tulivyofundishwa. Neno letu "kinyume" linabeba mizigo miwili. Kinyume cha 5 ni -5, kwa sababu ukivijumlisha unarudi kwenye 0. Lakini kinyume cha 5 pia ni 1/5, kwa sababu ukivizidisha unarudi kwenye 1. Ni namba mbili tofauti kabisa, hata ishara hazifanani: kinyume cha kuzidisha cha -5 ni -1/5, kinabaki hasi. Shuleni tuliimba "hasi mara hasi ni chanya" na "geuza juu chini kisha uzidishe", tukapita mtihani, na hakuna aliyetuuliza: unarudi wapi, kwa sifuri au kwa moja?

Mimi naona swali hilo moja lingetosha kuchukua nafasi ya nusu ya kanuni hizo. Kuongeza asilimia 16, ingawa tunasema "kuongeza", ni kuzidisha kwa 1.16. Kwa hiyo kurudi nyuma ni kugawanya kwa 1.16. Kodi iliyomo ndani ya jumla ni 16/116, yaani kama asilimia 13.79. Wafanyabiashara wanaotangaza "bei imepanda asilimia 50, sasa tumeshusha asilimia 50" wanawapa zawadi bila kujua: cha 100 kilifika 150, sasa ni 75.

Na nyinyi wenzangu wa programu msicheke sana, maana tarakilishi nayo ina mashimo yake. Namba nzima ya biti 32 huanzia -2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Hesabuni vizuri: ile ndogo kabisa haina mwenzake upande wa chanya, kwa sababu sifuri imekalia kiti kimoja. Kwenye Java ukiomba kinyume chake unarudishiwa ileile, na Math.abs nayo itakupa namba hasi. Mtu akitumia Math.abs juu ya hashi kuchagua nafasi kwenye orodha, programu inaweza kwenda miaka bila shida, halafu siku moja ikaanguka. Upande wa kuzidisha, sifuri haina kinyume kabisa, hilo mnalijua. Lakini jaribuni 49 * (1/49) kwenye JavaScript. Jibu ni 0.9999999999999999. Sehemu ya 1/49 haikai sawasawa kwenye mfumo wa jozi, kwa hiyo inakatwa, na ukirudi hurudi nyumbani kamili. Ndiyo maana pesa mimi huziweka kwa senti, namba nzima, na nikigawanya naamua mwenyewe mahali pa kukadiria.

Tena Kenya VAT ilishuka hadi asilimia 14 mwezi wa Aprili 2020 ikarudi 16 Januari 2021. Kwa hiyo msiiandike 1.16 ndani ya msimbo kama amri ya Musa. Iwekeni pamoja na tarehe yake, la sivyo risiti za 2020 zitawasumbua.

Kwa yule mama nilibadilisha mstari mmoja tu, nikaujaribu kwa risiti kumi za zamani mbele yake, huku mhasibu akihesabu kwa mkono. Zikalingana. Akaniuliza kama zile za miezi iliyopita zinaweza kurudi. Hilo nimemwachia mhasibu.