Kodi ya Miezi Sita



Juma hili tulikusudia kuandika juu ya jambo jingine kabisa. Lakini Jumatatu asubuhi, tulipotoka kuadhimisha misa, tulikuta mabegi mawili na ndoo ya plastiki barazani pa ofisi ya parokia, na kando yake ameketi binti mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekesha pale pamoja na mlinzi wetu. Alikuwa na siku nne tu hapa Morogoro. Dalali alimwonyesha chumba jioni, akapokea kodi ya miezi sita pamoja na ujira wake wa mwezi mmoja, akamkabidhi ufunguo. Usiku wa tatu akabisha hodi kijana mwenye ufunguo unaofungua kufuli lile lile, naye ana stakabadhi iliyoandikwa kwa mkono ule ule. Simu ya dalali haipatikani. Mwenye nyumba, anayeishi Dar es Salaam, anasema hakupokea hata senti moja.

Tulipowasimulia wazee wawili wa parokia habari hii, walitikisa vichwa na kutujibu kama wanavyotujibu kila mwaka vyuo vinapofunguliwa: "Padre, watoto wa siku hizi hawajui kuchagua." Ni juu ya neno hilo, kuchagua, ambapo leo tunapenda kubishana nao, kwa heshima zote tunazowapa.

Mji wetu ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo tangu mwaka 1984, na kampasi yake ya Mazimbu imo katika majengo ya shule ambayo chama cha ANC cha Afrika ya Kusini kiliyajenga wakati wa uhamisho wake na kuyakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kuna Jordan, kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, kuna vyuo vya ualimu na vya afya. Waliosoma Mlimani katika miaka ya sabini watatuambia kwamba enzi zao mwanafunzi alikuta kitanda kinamngoja, na chakula pia, kwa gharama ya Serikali. Ikaja sera ya kuchangia gharama. Ikaja Bodi ya Mikopo kwa sheria ya mwaka 2004. Idadi ya wanafunzi ikapanda, vitanda havikupanda nayo, na waliobaki wakamwagika mitaani. Leo hii wapo waumini wetu wengi, na tunawashukuru, ambao ada za watoto wao na sadaka zao za Jumapili hutokana na vyumba vya wanafunzi. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu hapa hapa, katika mabenchi ya mbele.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, hutolewa kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000, kwa yule aliyepewa kiwango kamili; wapo wengi wanaopata pungufu, na wapo wasiopata kitu. Tuchukue chumba cha kawaida cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 480,000. Dalali anataka mwezi wake: 80,000. Jumla 560,000. Zinabaki 40,000 za kula siku 60, yaani pungufu ya shilingi 700 kwa siku, kabla ya kununua godoro, kabla ya umeme wa Luku, kabla ya kuchapisha karatasi hata moja ya kazi ya darasani. Je, kuna mama lishe yeyote mjini hapa atakayempa mtu sahani ya wali na maharage kwa shilingi 700? Na akidaiwa kodi ya mwaka mzima, kama baadhi yetu tunavyodai, bumu lote halitoshi.

Mwenye nyumba huyo huyo angepokea kodi ya miezi miwili miwili, binti angetoa 160,000 na ile 80,000 ya dalali, akabaki na 360,000. Hiyo ni shilingi 6,000 kwa siku. Chumba ni kile kile, kodi ya mwezi ni ile ile, na mwenye nyumba mwisho wa mwaka hajapoteza kitu. Kilichobadilika ni kalenda tu. Fedha inaingia mikononi mwa mwanafunzi kwa vijiko, nasi tunaidai kwa sufuria, kisha tunashangaa akikubali chumba cha kwanza anachoonyeshwa na mtu wa kwanza anayeahidi kumpunguzia.

Tunajua kinachofuata, kwa sababu ofisi yetu hukisikia. Binti anahamia kwa kijana wa mwaka wa tatu mwenye geto lililokwisha kulipiwa. Au anatokea mtu mzima mwenye gari, anayelipa kodi ya miezi sita siku hiyo hiyo na kubaki na ufunguo wa pili. Halafu kwenye vikao vya jumuiya tunasikitika kwamba wanachuo wanaishi kinyumba bila ndoa, na sauti ya juu kuliko zote ni ya mwenye nyumba aliyedai miezi sita. Hatusemi kwamba umaskini unaondoa wajibu wa mtu kwa matendo yake. Vijana wana dhamiri, nasi huwaambia hivyo bila kumumunya maneno. Tunasema kwamba mtu anayemfungia mwenzake milango yote isipokuwa mmoja, asiwe wa kwanza kumlaumu kwa kupita katika mlango huo.

Wenye nyumba wana jibu lao, na si la kupuuzwa. Wanasema wanafunzi hutoroka usiku na madeni, huvunja vitasa, hupiga muziki hadi alfajiri, na likizo ndefu vyumba hubaki vitupu huku marejesho ya mkopo wa SACCOS yakiendelea. Mengi ya hayo ni kweli. Tumewahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa Luku moja iliyokuwa ikihudumia vyumba kumi, na tunakiri kwamba tulirudi nyumbani tukiwa na huruma zaidi kwa mwenye nyumba kuliko kwa wapangaji. Lakini dawa ya mtoro ni amana ya mwezi mmoja, jina na simu ya mzazi, na mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kodi ya miezi sita haimzuii mtoro, kwani atakuwa amekwisha kulipa. Inamzuia maskini asiingie kabisa.

Wengine wanatuuliza: Serikali iko wapi? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo makubaliano yamekuwa mikononi mwa pande mbili. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yapo, na yeyote mwenye mgogoro anaweza kuyaendea. Lakini ni mwanafunzi gani wa miaka kumi na tisa, mgeni wa mji, mwenye mtihani juma lijalo, atakayefungua shauri akiwa na kipande cha karatasi kisicho na jina la mwenye nyumba?

Wazazi nao tusiwaache. Tunawaona katika stendi ya Msamvu wakimpandisha mtoto kwenye bajaji na kurudi na basi la mchana, wamekwisha kumkabidhi kwa dalali kwa njia ya simu. Mtu huyo huyo, akitaka kununua ng'ombe wa maziwa, hutumia siku nzima kumkagua meno na chuchu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inamleta mzazi kutoka Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili. Aje basi, akae hadi jioni.

Tunasema jioni kwa makusudi. Chumba huonyeshwa mchana, lakini hukaliwa usiku. Saa mbili usiku itembee njia kutoka maktaba hadi mlangoni, uhesabu taa, uone ni vichaka vingapi na korongo gani unalolivuka, na ukumbuke kwamba masika yatakuja na kijito kilichokauka leo kitakuwa mto. Vigae vinavyong'aa na dari ya jipsamu havimlindi mtu. Kitasa humlinda, na kitasa kibadilishwe siku ile ile ya kuingia, mbele ya mwenye nyumba, hata kama gharama ni yako. Binti yetu angefanya hivyo tu, yule kijana asingeingiza ufunguo wake. Uulize maji wapangaji waliopo, usimwulize dalali. Ukiona mapipa na madumu yamejipanga ukutani, umekwisha kujibiwa. Uhesabu ni watu wangapi kwa choo kimoja. Na uangalie ni wapi utapikia, kwa maana jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha huua watu wakiwa usingizini, bila moshi wala harufu ya kuwaamsha. Chumba kisicho na kibaraza cha kupikia wala dirisha la kupitisha hewa, hata kikiwa cha bei ndogo kuliko vyote, kiache. Kisha fedha isitoke mkononi kabla hujaongea na mwenye mali mwenyewe na jirani yake akathibitisha kwamba ndiye.

Hayo yote yanahitaji muda, siku nne au tano za kuzunguka ukiwa na mahali pa kulala. Ndiyo maana tunasema kuchagua ni mali ya mwenye nafasi. Asiye na pa kulala usiku wa leo hachagui kitu.

Nasi tusijitoe katika lawama hii. Mwaka jana, baada ya komunyo, tulisoma tangazo la muumini mmoja: vyumba vya wanafunzi, mazingira tulivu, karibu na chuo. Hatukwenda kuviona. Tulipokwenda, miezi minne baadaye, kumpelekea mgonjwa sakramenti, tulikuta wanafunzi kumi na wanne, choo kimoja, na mlango wa choo hicho ni gunia. Waliotoka kulipa kodi pale walikuwa wameliamini tangazo kwa sababu lilisomwa altareni. Hakuna aliyetulaumu, jambo lililotuuma zaidi. Tangu sasa hakuna tangazo la chumba litakalosomwa katika parokia yetu kabla ya wajumbe wawili wa kamati ya vijana kukikagua chumba hicho usiku, na kabla ya mwenye nyumba kukubali kwa maandishi kupokea kodi ya miezi miwili miwili. Tumekwisha kuambiwa kwamba masharti haya yatawaudhi baadhi ya wafadhili wa ujenzi wa kanisa. Yumkini. Paa limesubiri miaka sita, linaweza kusubiri mwaka wa saba.

Jumapili hii, baada ya misa ya pili, tunawaomba wenye nyumba wote, wawe waumini wetu au majirani wa dini nyingine, wafike ukumbini. Daftari litakuwa mezani kwa wale walio tayari kujiandikisha. Tutapenda pia kusikia kutoka kwao namna ya kulinda mali zao wakati wa likizo, maana hilo hatujalipatia jibu. Madalali waaminifu, nao wapo, waje. Tunataka kuwajua kwa sura.

Yule binti analala kwa masista hadi Ijumaa. Jumamosi kitanda hicho kina mgeni mwingine. Mwenye chumba chenye kitasa kizima, ambaye yuko tayari kupokea shilingi 160,000 kwa miezi miwili, afike ofisini kabla ya siku hiyo. Katibu yupo kuanzia saa mbili asubuhi.